Asali ni ya Mdudu au ya Ua?

Ndoo ya asali ya Tabora ikifunguliwa jikoni kwa mwoka mikate, kinachotangulia kufika puani mara nyingi ni moshi. Utamu huja baadaye. Mwokaji anayeijua kazi yake haanzi kwa kulamba. Huchota kwa kijiko, hukiinamisha, kisha hutazama uzi unavyoshuka. Ukitiririka kama chai, asali ina maji mengi, na maji yakizidi asilimia 20 ni rahisi ichachuke ndani ya ndoo kabla haijakutana na hamira. Ukishuka taratibu na kujikunja juu ya ile iliyotangulia, biashara ipo. Siku ya kuoka atapunguza moto wa tanuri kidogo, maana donge la asali huwahi kubabuka kuliko la sukari. Malipo ya uangalifu huo ni mkate unaobaki laini wakati wa sukari umeshaanza kukauka.

Sasa tuseme mrina asali na mwokaji wanataka kushirikiana. Mrina asali hana haja ya pesa taslimu leo, ila ana watoto wanaokula mkate kila asubuhi. Anasema: "Bwana, chukua ndoo hii, nami nitakuwa napitia mikate miwili kila siku mpaka tulingane." Wanapeana mikono. Nani ataona ubaya?

Fakihi, mtaalamu wa sheria ya Kiislamu, ataona. Katika hadithi mashuhuri ya riba vinatajwa vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Imam Shafi, aliyefariki Misri mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliona kwamba vinne vya mwisho vinaunganishwa na jambo moja: huliwa. Kwa hiyo hukumu inagusa vyakula vyote. Asali kwa mkate ni jinsi mbili tofauti, hivyo kuzidiana kiasi ni ruhusa, lakini shurti iwe mkono kwa mkono, papo hapo. Mkate wa mwezi ujao haulipi asali ya leo.

Msomaji anaweza kuona huu ni ukali wa vitabuni. Lakini mtu yeyote aliyewahi kununua mkate dukani anajua kinachotokea ngano ikipanda bei: bei ya mkate inabaki ileile, mkate wenyewe unapungua kimyakimya. Mrina asali aliyetoa kilo zake mwezi wa sita angejikuta mwezi wa tisa analipwa hewa iliyookwa. Njia iliyo wazi ni kuuziana kwa shilingi, hata kwa mkopo. Ipo pia salam: mwokaji analipa pesa yote leo kwa asali ya msimu ujao, mradi aina, uzito na tarehe vitajwe. Kwa mrina asali anayehitaji mizinga mipya kabla ya msimu, salam ina faida kuliko mikate miwili ya asubuhi.

Hilo ni la wawili hao. Ndani ya ndoo limo swali gumu zaidi: je, kuna mwenye haki wa tatu, yaani maskini anayestahili zaka?

Ngano haina utata. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini, ya wasaki tano, kama kilo 650, hutolewa zaka: sehemu moja ya kumi kama imenyeshewa na mvua, nusu ya hiyo kama imemwagiliwa kwa gharama. Asali ndiyo iliyowagawa wanazuoni. Abu Hanifa alisema asali ya ardhi ya ushuri, ile ambayo mazao yake hutozwa sehemu ya kumi, nayo hutozwa vivyo hivyo. Ahmad bin Hanbal pia aliitoza. Malik na Shafi walisema haina zaka. Mkate mmoja wa asali, basi, unaweza kuwa na unga uliokwisha kutolewa haki ya maskini na utamu usiodaiwa kitu.

Ubishi wao hauko kwenye kiasi tu. Uko pia kwenye asili ya asali. Wanaoisamehe huifananisha na maziwa: kimiminika kinachotoka kwa mnyama, na maziwa hayana zaka. Wanaoitoza husema nyuki hula maua na matunda, na kinachozaliwa na mazao ya ardhi kifuate hukumu ya ardhi. Sura ya 16 ya Kurani, iliyobeba jina la nyuki, inamtaja mdudu huyo akila katika matunda, kisha inataja kinywaji kinachotoka tumboni mwake. Ua limo, tumbo limo.

Marabi wa Kiyahudi walipita njia hiyohiyo kwa sababu nyingine. Kwao kitokacho kwa mnyama najisi ni najisi, na nyuki haliwi. Mbona basi asali inaliwa? Talmudi inajibu kwamba nyuki huiingiza mwilini lakini haitokani na mwili wake; yeye ni chombo cha kubebea tu. Kwa maneno mengine, asali ni ya ua.

Sayansi ingewapa wote nusu ya ushindi. Nyuki hubeba mbochi, ule umajimaji mtamu wa maua, katika mfuko wa pekee ulio kando na utumbo unaosaga chakula. Hapo marabi wako sawa. Ila humo humo huutia vimeng'enya vinavyoivunja sukari yake, kisha mzingani hupepewa kwa mbawa mpaka maji mengi yakauke. Chombo tu hakifanyi hivyo. Lakini mdudu huyu, pamoja na ufundi wake wote, hana la kutengeneza maua yakikosekana. Kiangazi kikizidi hufunga safari na kuacha mzinga mtupu. Kwenye mizani hiyo hoja ya Abu Hanifa inaelekea kuwa nzito zaidi, hata kwa asiye Mhanafi.

Kuna fumbo pia kwa mwokaji Mkristo. Walawi, sura ya 2, inakataza chachu na asali kuteketezwa juu ya madhabahu, ingawa zote mbili zinaruhusiwa kuletwa kama malimbuko. Hamira na asali, yaani vitu viwili vinavyokutana kwenye bakuli lake kila alfajiri! Sababu haikuandikwa pale, na wafasiri wameijaza kila mmoja kwa namna yake. Kilicho wazi ni kwamba mikononi mwa kuhani vinapokelewa, motoni havipelekwi.

Turudi kwenye swali la mdudu na ua. Tukikubali kwamba asali ni ya ua, deni linahamia porini, na huko lina sura ya mti. Nyuki wa misitu ya miombo hutegemea sana maua ya mitundu na miyombo. Warinaji wengi wa magharibi mwa Tanzania wamezoea mzinga wa gome: mti unachubuliwa kuzunguka shina zima, gome linafungwa kuwa mcheduara, linatundikwa juu ya mti mwingine. Mti uliochubuliwa hivyo hufa ukiwa umesimama. Mara nyingi ni jamii ileile ya miti iliyokuwa ikitoa mbochi.

Mwokaji anayepima maji ya asali kwa kijiko hana kijiko cha kupimia hilo. Asali ya mzinga wa gome na ya mzinga wa ubao, zikitoka pori moja, zinaweza kushuka kwa uzi uleule na kunukia moshi uleule. Hana budi kuuliza kabla bei haijakatwa: "Mizinga yako ni ya nini?" Jibu likiwa gome, huenda salam ya msimu ujao ikaanza na mbao, misumari na fundi, na bei ya ndoo ikapanda shilingi kadhaa ambazo mlaji wa mkate ataulizia.