Kalibu na Mkono

Wahenga walituachia msemo usemao, "Udongo uwahi ungali maji." Katika vyuo vya ualimu msemo huu husikika karibu kila mahafali. Maana yake ni wazi: mtoto afunzwe mapema, kabla tabia haijakauka. Lakini tukiutazama vizuri tutaona kwamba unataja wakati wa kufinyanga tu. Haumtaji mfinyanzi, wala hausemi ni nani aliyempa haki ya kuchagua umbo. Swali hilo ndilo ninalotaka tulitafakari, msomaji, na nitalianzia mahali ambapo pengine hukupatarajia, yaani kwenye vinyago vya kuchezea.

Mjukuu wangu anayesoma Uingereza hununua vinyago vidogo vya askari, majitu na mazimwi, vingi vikiwa na kimo kisichozidi sentimeta 4. Huvipaka rangi, kisha yeye na wenzake huvipanga mezani na kupigana vita vya kubuni kwa kufuata kitabu cha kanuni na kurusha dadu. Huko mchezo huo si jambo geni. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975, ilitoa mchezo uitwao Warhammer mwaka 1983, na tangu hapo watu wengi, wakubwa kwa wadogo, wamekesha wakipaka rangi jicho la askari asiyezidi urefu wa kidole.

Alipotutembelea hapa Singida alikuja na kisanduku cha vinyago hivyo. Jirani yangu aliviona akauliza, "Mtu mzima na vita vya plastiki?" Swali lake lilikuwa la haki, hasa kwa sisi ambao mwaka 1978 tuliona vijana wakienda Vita vya Kagera na wengine wasirudi. Hata hivyo, nilipomtazama kijana akiwa kazini nilitambua kwamba vita ni sehemu ndogo ya mchezo huo. Saa nyingi huishia kwenye kukata, kugandisha, kupiga msasa na kupaka.

Vinyago hivyo hutoka kiwandani kwa kalibu, na kazi ya kalibu ni kufananisha. Wa kwanza ni sawa na wa elfu moja. Mwenye kununua akitaka, anaweza kuviacha hivyo. Lakini wapenzi wa mchezo huu hawaridhiki. Huyu humkata askari mkono akamwekea wa mwingine, yule hubadilisha kichwa, na pale panapobaki pengo hujaza kwa kinamo maalumu kinachokauka kikawa kigumu. Mjukuu wangu alimchukua mbeba mkuki mmoja, akamfinyangia shuka begani na kumweka mbuzi miguuni pake. Katikati ya mazimwi akasimama mchungaji wa Kinyaturu.

Nilimuuliza kama wapinzani wake wanakubali. Akanijibu, "Babu, wanakubali, mradi mkuki uonekane." Akanieleza kwamba wachezaji wamezoea kutaka silaha aliyonayo askari kwa mujibu wa kanuni ionekane kwenye kinyago chake, ili mtu wa upande wa pili asidanganyike. Sura, mavazi na rangi ni hiari ya mwenyewe. Jibu hilo limenikaa kichwani, nami nitalirudia baadaye.

Sisi tuliokulia machungani hatukuwa na kalibu. Tulichimba udongo kando ya lambo, tukafinyanga ng'ombe na kuwaanika juani. Kila mtoto aliwafinyanga ng'ombe wa kwao: mwenye pembe zilizopinda mbele, mwenye nundu kubwa, jike lenye mimba. Mwenzako aliweza kukuambia, "Huyu siye, yule wa kwenu ana pembe fupi." Tulifundishwa kutazama, na mwalimu alikuwa ng'ombe mwenyewe. Wala vinyago havikuwa vya watoto peke yao. Hans Cory, aliyechunguza mila za makabila ya Tanganyika, alichapa kitabu mwaka 1956 kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago. Wazee walifundishia maadili kwa vitu vinavyoshikika.

Sasa tuje shuleni. Shule ina kalibu zake: sare, muhtasari, mtihani mmoja kwa nchi nzima. Sizibezi. Taifa lililoamua katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 kumpeleka kila mtoto shule lisingeweza kufanya hivyo bila mifano ya pamoja. Lakini miaka saba kabla ya hapo, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikuwa ametaka mtoto awe na akili ya kudadisi, na aweze kujifunza kwa wengine kisha akatae au ageuze alichojifunza kulingana na mahitaji yake. Ona kwamba kugeuza kumetajwa kama lengo la elimu. Hakukuhesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Nakumbuka mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mada ilikuwa Bonde la Ufa, na kielelezo kilichoagizwa kilikuwa mchoro wa ukutani. Yeye alileta udongo wa kichuguu kwenye ubao, akafinyanga uwanda wa juu wa Iramba, ukingo wake, na mbuga ya Wembere chini. Watoto walilitambua bonde kabla hajalitaja jina. Mtathmini alimpunguzia alama kwa kuwa zana haikulingana na mfano. Tulibishana naye kwa heshima. Hoja yake haikuwa ya kijinga: "Mkuu, kila mmoja akija na lake, nitajuaje kwamba wote wamefundisha kitu kimoja?" Alama hazikubadilishwa, na kijana yule aliondoka chuoni akiwa na daraja la chini kuliko alilostahili.

Hoja ya mtathmini inahitaji jibu, na naliona katika maneno ya mjukuu wangu: mradi mkuki uonekane. Kuna jambo ambalo wote tunakubaliana liwepo, kwa kuwa bila hilo mwenzetu atadanganyika. Katika somo lile jambo hilo lilikuwa ukweli wa Bonde la Ufa, nao ulionekana kwenye ubao kwa mtu yeyote mwenye macho. Kinachobaki, yaani udongo au karatasi, ni mali ya mkono wa mwalimu. Kipimo kinachoadhibu mkono wakati mkuki unaonekana hakilindi ukweli. Kinalinda kalibu tu.

Lakini mfano wa vinyago una mpaka, na mpaka huo ndio mzito kuliko yote. Plastiki haisikii maumivu. Ukimkata askari mkono na usipopenda ulivyomtengeneza, utamkata tena kesho. Mtoto hakatwi mara ya pili bila kovu. Tena mtoto haji kwetu akiwa udongo mtupu. Anakuja na lugha ya nyumbani, woga wake, kipaji chake na ng'ombe wa kwao kichwani. Kwa hiyo nakataa kwamba mwalimu ndiye mfinyanzi na mtoto ndiye chombo. Haki ya kumbadili mtoto ni ya mtoto mwenyewe, kadiri akili yake inavyokomaa. Haki ya mwalimu ni kumwonyesha mkuki, yaani kweli na uadilifu ambao hauchezewi, na kumpa zana za kazi.

Udongo uwahiwe ungali maji, naam. Lakini uwekwe mikononi mwa mtoto, nasi tukae karibu, tukimuuliza kama pembe za ng'ombe wa kwao ziko hivyo kweli.