Kadena Ilibaki Imefungwa

Asubuhi ile tulipoingia uani, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kadena. Ilikuwa imefungwa vilevile, nzito, haina hata mkwaruzo. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kinyume. Wezi waligonga pini za bawaba, ambazo fundi alikuwa ameziacha upande wa nje, wakauvuta mlango kwa upande huo, na kadena ikabaki imeushikilia kwenye fremu. Chumbani, pale sefu ilipokuwa, palibaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu.

Nyumba iko Nyakasanza, hapa Bunia. Mwenyewe ni mama anayeuza vitenge, huvileta kutoka Kampala kwa njia ya Mahagi. Ndani ya sefu mlikuwa na dola za mzigo uliofuata, akiba ya majirani wawili waliomwamini, hati ya parseli na diploma ya serikali ya mtoto wake wa kwanza.

Msomaji wa mbali atauliza kwa nini hakupeleka pesa benki. Sisi tuliolelewa na watu wa Zaire hatuulizi haraka hivyo. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na za zaire 10 kwa ghafla, na wengi waliozificha chini ya godoro wakabaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Na Januari 2025, Goma ilipotekwa, benki zikafunga milango, mwenye akaunti akawa sawa na asiye nayo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa huku huweka kidogo kwenye simu, kidogo benki, na dola kadhaa karibu na kitanda. Silaumu hilo. Ninachokilaumu ni namna ile sefu ilivyoingia nyumbani.

Iliingia saa tisa alasiri. Vijana wawili waliishusha kutoka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, wakipumzika kila hatua kumi, watoto wa avenyu nzima wakiwafuata. Mmoja wa wapita njia aliita kwa sauti, “Mama, leo mumekuwa benki!” Mama akacheka, na sisi majirani tukacheka naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, “Mama, funikeni kitu hiki.” Kicheko kile bado kinaniuma. Kufikia jioni, mtu wa sokoni ambaye hajawahi kukanyaga avenyu yetu angeweza kueleza sefu iko nyumba gani.

Wiki chache baadaye jamaa nzima ilikwenda kulala matangani, upande wa pili wa mji. Usiku mmoja ulitosha.

Nilimwita fundi chuma ninayemfahamu aje atazame, nami nikajifunza mambo ambayo ningetamani kuyajua mapema. Aling'oa kipande kilichoshikilia komeo, akanionyesha skrubu zake: fupi kuliko kifundo cha kidole changu cha mwisho, zimeuma mbao ya fremu tu bila kugusa ukuta. Hata kama bawaba zingekuwa ndani, mateke mawili yangemaliza kazi. Akagonga ukuta kwa kidole. Sementi nje, matofali mabichi ndani, kama nyumba nyingi zetu. Ukuta wa namna hiyo unalowa kwa ndoo ya maji na kutobolewa kwa mtalimbo bila kelele. Ushauri wake ulikuwa kwamba fedha ya kadena kubwa ingegawanywa: fremu ya chuma yenye mikono iliyozamishwa kwenye zege, bawaba za ndani au pini zilizolehemewa vichwa, skrubu ndefu, na kadena ya wastani iliyokingwa na kisanduku cha chuma ili msumeno usiifikie. Akauliza pia funguo zilikuwa ngapi, na nani alikuwa nazo. Mama alihesabu, akanyamaza. Mmoja ulikuwa kwa mpangaji aliyehama mwaka uliopita.

Kuhusu sefu, fundi aliinama kwenye zile alama nne. “Sefu ya kilo 50 ambayo haikufungwa chini ni mzigo wa watu wawili,” alisema. Sefu hizo huja na matundu kwenye kitako. Boliti hupitishwa kutoka ndani hadi kwenye zege, kwa hiyo mlango wa sefu ukiisha kufungwa, mwizi hafikii nati. Mama aliinuka, akafungua droo ya meza, akatoa mfuko mdogo wa plastiki. Boliti zote nne zilikuwa humo, mfuko bado umefungwa kama ulivyotoka dukani.

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, Mei 2021, na bado wako wanaobisha usiku wakiwa na bunduki. Chuma hiki chote ni kwa ajili ya mwizi wa kimyakimya na nyumba isiyo na watu. Bunduki ikiingia, fungua, toa, uishi. Wanaokumbuka Mei 2003, mji ulipoporwa, wanajua pia kwamba sefu haikimbii na mtu. Ndiyo maana nakala za hati, zilizothibitishwa, zinafaa zikae kwa ndugu wa mji mwingine. Mama amehangaika miezi kutafuta hati mpya ya parseli, na diploma ya mwanawe bado haijapatikana.

Majirani wale wawili anawalipa kidogokidogo. Mwezi uliopita sefu nyingine iliingia kwake, ndogo zaidi, ndani ya robota la vitenge, jioni ambayo watoto walikuwa kwa shangazi yao. Fundi alikuwa ameshamwaga zege kwenye kona ya chumba siku nyingi kabla, kwa kisingizio cha kurekebisha sakafu. Alipomaliza kutoboa, mama alimpa ule mfuko wa plastiki. Boliti ziliingia sawasawa.