Msimbo Msafi, Jina la Uongo

Wasomaji wa hapa mmezoea ugomvi wa vina na mizani, kwa hiyo huu hautawashangaza. Sisi tunaoandika JavaScript ili tupate ugali tuna ugomvi wetu: nukta-mkato iwekwe mwisho wa kila kauli au isiwekwe? Watu wazima, wenye familia zao, wamenuniana kwa hilo.

Chanzo kipo. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la lugha hii mwaka 1995 kwa siku 10 hivi, na ikabaki na kiherehere cha kumsaidia mwandishi asiyeomba msaada. Ukisahau nukta-mkato, mashine inakuwekea. Andika return, shuka mstari, ndipo utaje unachotaka kurudisha: mashine inaweka nukta-mkato yake palepale juu, na kitu chako hakirudi kamwe. Alama mbili za usawa (==) nazo zitakwambia maandishi matupu ni sawa na sifuri, "0" ni sawa na sifuri, ila maandishi matupu si sawa na "0". Ndiyo maana tunaambiwa tuandike tatu. Kanuni za namna hii sibishani nazo.

Na nilizishika zote. Miaka michache iliyopita niliandika mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Hakuna var hata moja, mistari imenyooka, ESLint haikunikosoa hata neno. Nilijiona fundi. Ndani yake mlikuwa na funksheni niliyoiita angaliaDeni. Ilikuwa inaangalia deni, kweli. Ila siku moja, katika haraka zangu, nikaichomekea kazi ya pili: mwanachama akiwa kachelewa, iongeze faini na kuihifadhi. Jina nikaliacha lilivyo. Iliitwa mara moja tu kila usiku, na mimi nilikuwa najua.

Nikahama kazi. Kijana aliyenirithi akaombwa atengeneze ukurasa wa mwanachama kutazama deni lake. Akapekua, akaona angaliaDeni, akaitumia. Wewe ungefanya nini? Tangu hapo kila aliyechelewa akifungua ukurasa, faini inapanda. Mwenye wasiwasi zaidi, yule wa kuchungulia asubuhi na jioni, ndiye aliyeumia zaidi.

Pesa zilirudishwa, baada ya wiki tatu za makelele. Kijana akapewa barua ya onyo. Wakubwa walisema angesoma ndani kabla ya kutumia. Sikatai, asiyesoma naye ana sehemu yake. Lakini jina lina kazi gani kama si kumpunguzia mwenzio kusoma kila kitu? Chupa imeandikwa maji, umetia mafuta ya taa, halafu umlaumu mwenye kiu?

Nimejitetea kwamba uongo unataka nia, nami sikukusudia kumdanganya mtu. Utetezi huo haunitoshi. Jina lilikuwa la kweli nilipoliandika. Likageuka uongo mikononi mwangu, nikiliona, na kulibadilisha kungenichukua dakika moja. Siku hiyohiyo nilitumia muda mrefu zaidi kupanga mabano.

Siku hizi Prettier inayapanga yenyewe, na katika ofisi nyingi ugomvi wa nafasi na mistari umekwisha. Vizuri. Lakini hakuna programu iliyoniuliza kama jina langu ni la kweli, na mimi nilichukua ukimya wake kama cheti. Shairi nalo linaweza kutimiza mizani 16 kila mshororo na bado likamsifu mwizi.

Niliwaandikia wakubwa kueleza kosa ni la nani. Hawajajibu, ile barua bado imo kwenye faili la kijana. Nikampigia na yeye, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akaniuliza tu, "Kaka, kuna majina mengine ya hivyo humo ndani?" Nikamtajia mawili. La tatu nililikumbuka usiku, nikamtumia ujumbe.