TAFAKURI YA RAMADHANI: Mfupa wa nyonga kuwekwa kwenye taya



Kuna suali nimeletewa, na naona si la nyumba moja tu. Mgonjwa ana uvimbe wa taya. Madaktari wamesema sehemu ya taya itatolewa, kisha watachukua mfupa kwenye nyonga yake mwenyewe waupandikize palipobaki pengo. Wazee wanakataa: mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, vipi tukate kizima kwa ajili ya kibovu?

Hofu yao ina heshima yake. Mwili kweli si wetu. Lakini mtu aliyeachiwa mali ya yatima, nyumba inavuja na shambani mna karafuu, haambiwi asiziguse karafuu mpaka nyumba ianguke. Atauza, aezeke. Mali ni ya yatima yule yule. Angechukua kwa jirani, hapo lingekuwa suali jengine.

Na wanavyuoni washalizungumza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jedda mwaka 1988 ilijuzisha kuhamisha kiungo kutoka pahala hadi pahala katika mwili wa mtu huyo huyo, kwa sharti manufaa yanayotarajiwa yazidi madhara. Tena si kwa kuokoa roho tu. Hata kurudisha umbo, au kuondoa kasoro inayomuumiza mtu nafsi yake. Arfaja (r.a.) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Dhahabu, kwa mwanamme! Hakuambiwa avumilie uso ulivyo.

Sharti la madhara lakini msiliruke. Nyonga itauma, pengine kuliko taya, na mtu atachechemea kwa muda. Mfupa nao huchukua miezi kushika, kwani mwili wenyewe ndio unaoujenga. Daktari kautilia mbegu tu. Muulizeni hayo waziwazi.

Jengine. Katika maneno yote niliyoletewa, mgonjwa, naye ni mtu mzima, sikusikia kaulizwa anataka nini. Aliyekabidhiwa mwili ule ni yeye, si sisi.

Na wale wanaosema "tungoje Ramadhani ipite": uvimbe haungoji, unaendelea kula mfupa. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, atalipa siku zake akipona. Tarehe aliyotoa daktari ishikwe, hata ikiangukia kumi la mwisho.