Jembe la Mgeni



Methali hii yajulikana hata na watoto: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huitumia kwa mzaha, kumsema mgeni aliyekaa mno na kula bure. Lakini mimi siku hizi naifikiri kwa namna nyingine, kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Pasiansi, nami nilikuwa na hatia ndani yake. Itazameni vema methali yenyewe. Haimwamuru mgeni alitafute jembe. Yamwamuru mwenyeji ampe. Basi mwenyeji asipompa, na mgeni akae miezi na miaka bila jembe mkononi, kosa ni la nani?

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke kijana wa kutoka Ulaya, aliyekuja kufundisha miaka miwili katika shule moja ya huku. Alipanga nyumba ndogo kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, mahali penye mawe makubwa ya Mwanza ambayo mgeni hudhani yataanguka usiku. Wala sitaki mtu afikiri kwamba alikuwa na kiburi. Katika miezi michache alijua kusema "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" baada ya mchana, jambo lililowafurahisha akina mama wa Kisukuma kuliko Kiswahili chake chote, maana Kiswahili alikisema kama mtu asomaye kitabu. Alikula ugali kwa mkono, na dagaa, na michembe kwa karanga. Wadudu wa ziwani walipoinuka kama moshi na kuifunika taa yake, hakupiga kelele. Maji yalipokatika, alioga kwa kopo. Lakini hayo yote ni mambo ya mwili, na mwili huzoea upesi. Mtu akikaa mahali nusu mwaka, tumbo lake huwa mwenyeji kabla yake mwenyewe.

Shida ilikuwa kwingine. Tangu mwanzo alikataa kuchotewa maji, akisema haifai mtu mzima mwenye nguvu kubebewa ndoo na mwenzake. Akaenda bombani mwenyewe, akapanga foleni. Nia njema kabisa! Walakini palikuwa na mjane aliyeitazamia kazi ile, maana mpangaji aliyetangulia katika nyumba ile alikuwa akimlipa kwa kila dumu. Mjane yule alimpisha mwalimu kwa tabasamu, kisha akarudi nyumbani pasipo fedha ya unga. Mwalimu alidhani amejifanya sawa na watu, kumbe amemnyima mmoja wao chakula. Nasi tulioona hatukumwambia.

Kisha ukaja msiba. Katika nyumba ya tatu kutoka kwake alifariki mtoto kwa malaria. Ninyi mwajua desturi: akina mama hulala ndani juu ya mikeka pamoja na mfiwa, wanaume hukesha nje penye moto, na kila jirani huonekana. Mwalimu alikuwa na karatasi za mitihani za kusahihisha. Akatuma bahasha ya rambirambi, fedha iliyozidi michango ya nyumba kumi. Iliposomwa, watu walinyamaza. Yeye mwenyewe hakuja. Baadaye alinieleza kwamba huko kwao mtu akifiwa, majirani humwachia nafasi alie pamoja na jamaa zake, na kuingia nyumbani mwake bila kuitwa ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo alikaa kwake kwa heshima, nasi tukaiita heshima ile dharau.

Tangu siku hiyo hapana mama aliyeketi tena barazani pake. Salamu zilikuwa zile zile, tamu, na pengine tamu zaidi. Baada ya muda alinijia, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Naomba uniambie. Nimekosa nini?"

Nikamjibu, "Marahaba, mwalimu. Hakuna neno."

Hapo ndipo hatia yangu. Siku tatu neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, nalisema uongo, au nalifanya adabu? Wengi wetu tungesema ni adabu. Mgeni haambiwi makosa yake usoni. Hufunikwa, husamehewa, huzungukwa kwa maneno laini. Nami nakiri kwamba katika desturi hiyo mna wema mwingi, maana mtu aliyetoka mbali hakosi kukosea, na kama kila kosa lingesemwa asingeweza kupumua. Lakini nilipojichunguza niliona kwamba si adabu peke yake iliyonifunga kinywa. Palikuwa na woga. Tena palikuwa na faida, nami naona haya kuiandika: mwalimu yule alikuwa akiwalipia watoto wawili watatu wa jirani karo, wala hapana aliyetaka kulitikisa tawi lenye matunda. Tulimfanya mgeni wa heshima siku zote ili tusimpoteze, na kwa njia hiyo tulikuwa tumekwisha kumpoteza.

Tena fikirini mwalimu mwingine, aliyesafiri upande wa pili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Alikuwa mtu wa elimu. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Velten mwaka 1903 kina kazi yake nyingi ndani. Lakini wanafunzi wake hawakumpa heshima ambayo mwalimu hupewa. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na walipokuja pwani yetu mwaka 1905 serikali ya koloni iliwazuia kushuka. Akarudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Yeye alijua lugha yao, na baridi yao, na chakula chao. Kuzoea alizoea. Jembe hakupewa, kwa maana wenyeji wake walitaka maneno yake tu, si yeye. Huyu hakunyimwa kwa upole kama tulivyomnyima sisi wetu. Alinyimwa kwa ukali. Walakini naona mikono yote miwili ilishika jembe lile lile nyuma ya mgongo.

Mtu ataniuliza: mbona wamlaumu mwenyeji peke yake? Je, mgeni hana wajibu? Anao, na mzito. Mwalimu wa kutoka mbali, hata akiishi namna gani, ana mlango mmoja ambao jirani zake hawana: aweza kuondoka. Akiugua sana, huitwa kwao. Ndiyo maana kubeba ndoo hakumfanyi sawa na mjane. Alexander Mackay wa Uskoti, aliyefika Uganda mwaka 1878 akawa fundi na mwalimu huko, alifukuzwa mwaka 1887 akaja kukaa Usambiro, huku kwetu kusini mwa ziwa. Stanley alipopita hapo mwaka 1889, alimshauri aondoke pamoja naye. Mackay hakukubali. Mwezi wa Februari 1890 alikufa kwa homa, umri wake miaka 40. Sisemi kwamba kila mwalimu afe ili aaminiwe. Hilo lingekuwa shauri baya. Nasema tu kwamba watu wa mahali huutazama mlango ule daima, hata wasipousema, na mgeni mwenye akili hujua kwamba wanautazama.

Tena kuna wajibu wa pili, nao ni kukubali kupokea. Padre David Clement, Mkanada, aliyekaa Bujora karibu na Kisesa tangu miaka ya 1950, hakuja na kutoa tu. Alijifunza kwa wazee ngoma na mila za Wasukuma, na mashindano ya Bagika na Bagalu, mambo ambayo wengine waliyaona ya kishenzi. Yako mpaka leo katika makumbusho ya Bujora, na kanisa la pale lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi. Atoaye siku zote hukaa juu ya wenzake, hata akiketi mkekani. Apokeaye hushuka. Mwalimu wetu alikuwa ametoa bahasha. Hakuwa amepokea kitu.

Jioni ya siku ya tatu nalikwenda kwake pamoja na mke wangu, nikamwambia yote, la msiba na la maji. Alilia. Kisha akauliza, "Mbona hamkuniambia?" Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulisema bila kutazama chini.

Mke wangu akamshika mkono, wakaenda kwa mama aliyefiwa, bila bahasha. Nilisimuliwa mengine baadaye. Waliketi kitambo bila maneno mengi. Mwisho mama yule akaleta ungo wa mchele, akamwekea mwalimu magotini achambue, maana palikuwa na wageni wa kula jioni ile. Akachambua vibaya sana. Binti wa nyumba akacheka, akisema, "Mwalimu, umetupa mchele, umebakiza mawe." Na mjane wa maji, aliyekuwa pale jikoni, akauvuta ungo kwake, akamwonyesha jinsi ya kuupepeta.

"Kesho maji nitakuletea mimi," mjane akamwambia.

"Dumu bei gani, mama?" mwalimu akauliza.

Wakaanza kupatana.