Ndoto na Jina la Jirani

Katika vijiji vya Bukene, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, watu wakiisha kuamkiana "mwangaluka" huulizana habari za usiku. Na habari za usiku si usingizi tu, ni ndoto pia. Desturi hii ni ya kale. Wamisionari waliofika Tabora mwaka 1878, kwa njia ile ya misafara itokayo pwani, waliwakuta watu wasiohesabu kwamba wafu wako mbali. Babu aliyekufa humjia mjukuu usingizini, akadai jina lake apewe mtoto, au akumbukwe kwa unga wa mtama na maji. Hatuwacheki wazee kwa hayo. Mtu anayemwota marehemu mama yake angali anampenda, na Kanisa linalo jibu la upendo huo: sala, na Misa ya kuwaombea wafu.

Tena nasi Wakristu tungewezaje kucheka, ambao Maandiko yetu yamejaa ndoto? Lakini, wapenzi wasomaji, yatupasa kutazama vema ndoto hizo zilifanya kazi gani. Abimeleki, mfalme wa Gerari, alionywa usiku, na asubuhi akamrudisha mke wa Ibrahimu. Labani alipomfuatia Yakobo kwa hasira, ndoto ilimzuia asimdhuru. Mamajusi waliambiwa wasirudi kwa Herode, na Mtoto akapona. Yosefu wa Nazareti alikuwa tayari kumwacha Maria; ndoto ikamwambia amchukue. Hata mke wa Pilato, mpagani, aliteseka usiku kwa ajili ya mtu mwenye haki, akatuma neno barazani kumtetea. Ndoto hizo zote zinazuia mkono usimdhuru mtu, au zinamwambia mwotaji wajibu wake mwenyewe.

Wako, naam, watu walioifanya ndoto kuwa sababu ya kumwua mwenzao. Ni ndugu zake Yosefu, mwana wa Yakobo. Walimsikia kijana akisimulia miganda ya ngano na nyota, wakajiagulia wenyewe maana yake kwa wivu, wakataka kumwua. Mwisho wakamwuza kwa wafanya biashara wa msafara uliokuwa ukishuka Misri. Msafara wa namna hiyo watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ndoto zina sababu nyingi: mawazo ya mchana, hali ya mwili, hewa itugusayo, mara nyingine Mungu kwa malaika wake, na mara nyingine pepo wabaya. Elimu ya siku hizi haikumpinga katika yale ya mwili. Mwaka 1953 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba yako majira ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na wanaoamshwa wakati huo mara nyingi husema walikuwa wakiota. Homa nayo huleta ndoto za kutisha, na malaria si mgeni katika nchi ya Nzega. Mwana wa Sira, katika sura ya 34 ya kitabu chake, awaonya wanaotegemea ndoto kwamba wanashika kivuli. Lakini hakufunga mlango kabisa, kwa maana Aliye Juu aweza kutuma ndoto akipenda. Mtakatifu Monika alijua kupambanua: Agostino mwanawe atuambia kwamba mama huyo alihisi, kwa ladha asiyoweza kuieleza kwa maneno, tofauti kati ya kile alichoonyeshwa na Mungu na kile ambacho nafsi yake ilijiotea. Kipaji hicho si cha kila mtu, nasi twadhani si cha wengi.

Hofu yetu ni hii. Mtoto ana homa. Baba aota kikongwe wa jirani amesimama mlangoni. Asubuhi haendi zahanati, aenda kwa mfumu. Kuku anapasuliwa, matumbo yanatazamwa, na jina ambalo baba alikwisha kuja nalo moyoni linarudishwa kwake kana kwamba limetoka mbinguni. Tangu hapo si ndoto tena, ni hukumu. Na kikongwe hakuitwa kujitetea. Macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jiko kwa miaka hamsini, yanahesabiwa kuwa ushahidi wa pili.

Hatusemi mambo ya kubuni. Mwezi Julai mwaka 2017, huko Uchama, katika wilaya hiyo hiyo ya Nzega, wanawake watano waliuawa na umati wa watu kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, nayo yamkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria haifiki usiku kitandani. Hapo hufika dhamiri tu, na katekista wa kigango, kama mwotaji atamwendea kabla ya kwenda kwingine.

Basi katekista ajiandae. Asimkemee mtu huyo, wala asijifanye Danieli. Amwulize kama ana homa, kama ana deni, kama amegombana na mtu kwa ajili ya ng'ombe au mpaka wa shamba. Mara nyingi jina lililoonekana usiku ni la yule aliyegombana naye mchana, na ugomvi huo waweza kupelekwa katika Sakramenti ya Kitubio na kwa wazee wa kijiji. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, katekista akimsindikiza ikibidi. Na yule bibi jirani achotewe maji na kuletewa kuni kama desturi, wala asiambiwe kamwe kwamba aliotwa.