Mkate wa Siku ya Kumi na Nne

Matendo ya Mitume 27:33–36

Luka, ambaye Wakolosai 4:14 yamtaja kuwa tabibu, atusimulia kwamba katika dhoruba ya bahari ya Adria, kulipokaribia kupambazuka, Paulo aliwasihi watu 276 waliokuwamo chomboni wale chakula kwa ajili ya kuokoka kwao, maana ilikuwa siku ya 14 wamekesha kwa hofu pasipo kutia kitu kinywani. Kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Na aliyesema hayo hakuwa mgeni wa saumu, kwani huko Dameski alikaa siku tatu asile wala asinywe, na katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho ahesabu kufunga mara nyingi miongoni mwa taabu zake.

Nalitafakari neno hili hapa Kamenge, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, ambapo wazee waijua njaa isiyo na nia, ile ya vita vilivyozuka mwaka 1993, watu walipokimbia na watoto migongoni pasipo hata kiporo. Njaa ile haikuwa saumu, kama vile siku zile 14 za chomboni hazikuwa saumu. Saumu ni sadaka ya hiari, nayo sadaka hutolewa na aliye nacho. Basi mama ambaye jikoni mwake moto huwashwa mara moja kwa siku asiambiwe kamwe kwamba imani yake ni haba kwa kuwa hakujiunga na wafungao.

Mwenye nacho naye yampasa aitazame siha yake. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiacha kula ilhali dawa imo mwilini, aweza kutokwa jasho, kutetemeka na kuzirai, na waliomzunguka katika maombi wakadhani ameshukiwa na Roho, kumbe anakufa. Huyo, maadamu aweza kumeza, apewe upesi kitu cha sukari, na akiwa hajitambui asilishwe kitu, bali akimbizwe hospitali, nayo ile ya Chuo Kikuu, yenye jina la Mfalme Khaled, imo humu humu mtaani. Mja mzito, anyonyeshaye, mtoto na mzee dhaifu wasifunge chakula, na mwenye dawa za kifua kikuu au za UKIMWI asizikatize kwa nadhiri yoyote. Wako pia wajinyimao hata maji siku tatu kwa kumwiga Esta. Kwa joto la bonde hili la Tanganyika sikubali kabisa mfano huo ufanywe kanuni.

Ajisikiaye kizunguzungu na afungue, bila haya, kama Paulo alivyokula mbele ya wote. Jioni aliyefunga aanze kwa maji na uji mwepesi, kidogo kidogo. Na unga au maharagwe ambayo hakuyapika mchana ayapeleke, kama Isaya 58:7 inavyoagiza, kwa jirani ambaye hakuchagua kushinda njaa.